Nyumbu Alishwe, Mkulima Angoje: Uhakiki wa Malipo ya Maafa kwa Wakulima wa Marekani

Katika mijadala ya vyuoni na ya matawini, jambo moja hurudi mara kwa mara kila inapozungumzwa hali ya mkulima katika nchi za kibepari. Ndugu mmoja husimama na kusema kwamba mkulima wa Marekani, mvua isiponyesha, hupelekewa hundi na serikali yake; basi mfumo unaomjali mkulima kiasi hicho una ubaya gani? Ndugu mwingine humjibu kwa haraka kwamba hizo ni hila tu za mabepari, ni fedha za kununulia kura, na mjadala hufungwa kwa makofi. Majibu yote mawili hayatoshi. La kwanza linaitazama hundi bila kutazama jina lililoandikwa juu yake. La pili ni uvivu wa fikra, maana fedha zile ni za kweli, na zipo familia nyingi ambazo bila hizo zingalikwisha kuuza shamba. Kada anayetaka kuelewa hana budi kuuliza swali gumu zaidi: maafa yanapotokea, ni kitu gani hasa kinachohesabiwa?

Dai la makala hii ni kwamba serikali ya Marekani, tangu ilipoanza kazi hii mpaka leo, imehesabu mali iliyopotea wala haikuhesabu watu waliopungukiwa. Aliyekuwa na mali nyingi hulipwa nyingi. Aliyekuwa na kidogo hulipwa kidogo. Aliyekuwa na mikono yake tu hana alichopoteza, kwa mujibu wa fomu. Tutalionyesha hilo hasa kwa kutazama kaunti za vijijini za jimbo la Arkansas. Kaunti kule ni ngazi ya utawala inayokaribiana na wilaya yetu, na ndiyo ngazi ambayo misaada hii hutolewa.

Arkansas ni jimbo la kusini, limepakana na mto Mississippi upande wa mashariki. Ardhi yake ya bondeni ina rutuba sana, na tangu enzi ya utumwa zao lake kuu lilikuwa pamba. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, ardhi haikugawiwa kwa walioilima. Ulizuka mtindo wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu, chakula cha mkopo kutoka dukani kwake, na nyumbu wa kukokota jembe (nasema yule baghala, mtoto wa punda na farasi, si nyumbu wa Serengeti). Familia ya mlimaji ilitoa nguvu. Pamba ikivunwa ilikatwa nusu kwa nusu, kisha deni la dukani likatolewa katika nusu ya mlimaji. Aliyeshika daftari alikuwa mwenye shamba. Wengi walimaliza mwaka wakiwa na deni kubwa kuliko walilouanza nalo, na mwaka uliofuata wakalima tena ili walipe deni hilo. Walimaji hao walikuwa weusi na weupe pia, ingawa weusi walibeba mzigo wa pili, wa ubaguzi.

Mwaka 1930 ulikuja ukame mkubwa, na Arkansas iliumia kuliko karibu majimbo yote. Mwezi Desemba mwaka huo Kongresi ilipitisha dola milioni 45 za mikopo kwa wakulima wa maeneo yaliyokauka. Mikopo hiyo iliruhusiwa kununulia mbegu, mbolea na malisho ya mifugo. Chakula cha binadamu hakikuruhusiwa. Rais Herbert Hoover na wafuasi wake walishikilia kwamba kuwalisha watu kwa fedha za serikali kutaua moyo wa kujitegemea, na kwamba wenye njaa watazamwe na Msalaba Mwekundu kwa michango ya hisani. Wapinzani wake walimsuta kwamba yuko tayari kumlisha nyumbu wa Arkansas, lakini si mtu anayemwongoza.

Msomaji atakuwa amelitambua neno hilo, kujitegemea. Sisi tulilitumia tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwa maana ya taifa kuacha kutegemea fedha za wengine. Kule lilitumika kumwambia mwenye njaa angoje. Maneno hayana tabaka, wanaoyasema wanalo.

Sasa wengi husoma kisa hiki wakaishia kusikitika kwamba Hoover alikuwa na moyo mgumu. Hoover huyo huyo alipata sifa duniani kwa kuwalisha Wabelgiji wakati wa vita vya 1914, kwa hiyo habari ya moyo haitufikishi mbali. Tuangalie hesabu. Nyumbu ni mali ya mtu. Huuzwa, huwekwa rehani, na akifa mwenye shamba na benki wote wawili wamepata hasara. Mbegu na mbolea ni mtaji, na mavuno yatakayotokana nazo ni dhamana ya mkopo. Mlimaji hawezi kuwekwa rehani tangu mwaka 1865. Kwa hiyo, kwa mantiki ya mkopo, kumlisha nyumbu ni kulinda mtaji, na kumlisha mlimaji ni matumizi yasiyorudi. Katika hali hiyo mtu mwema na mtu mwovu wangefikia uamuzi ule ule, kwa sababu uamuzi ulikwisha kuwamo ndani ya kipimo.

Tarehe 3 Januari 1931 kipimo hicho kilijibiwa. Katika mji mdogo uitwao England, katika kaunti ya Lonoke, wakulima mamia kadhaa waliingia mjini kudai chakula. Ofisi ya Msalaba Mwekundu ilikuwa imeishiwa fomu za maombi, na bila fomu hakuna mgawo. Wakulima walisema wazi kwamba wasipopewa watachukua. Wenye maduka wakatoa chakula siku ile ile, kwa ahadi ya kurudishiwa gharama. Yafaa wanafunzi wetu walizingatie tukio hili dogo, kwa maana linafunza zaidi ya vitabu vingi: chakula kilikuwapo mjini wakati wote. Kilichokosekana ni karatasi. Na tukumbuke kwamba kamati za mahali za msaada ule kwa sehemu kubwa zilikuwa mikononi mwa wenye mashamba na wafanyabiashara, yaani watu wale wale walioshika daftari la deni.

Serikali ya Franklin Roosevelt ilipoingia mwaka 1933 ilileta mpango mwingine. Safari hii maafa hayakuwa ya jua, yalikuwa ya bei. Pamba ilikuwa nyingi mno na haikuwa na thamani. Nauingiza mpango huo katika uhakiki huu kwa sababu mbili. Kwanza, kwa mkulima bei ikianguka ni sawa na mvua ikikosekana, shamba linabaki na yeye habaki na kitu. Pili, kamati za wakulima za kila kaunti, zinazohusika na malipo ya maafa mpaka leo, ndipo zilipozaliwa. Serikali iliamua kuwalipa wakulima ili wapunguze kilimo. Kiangazi cha mwaka 1933 pamba iliyokwisha kuota katika ekari zipatazo milioni 10 iling'olewa, kila ekari kwa malipo. Katika mikataba ya mwaka 1934 na 1935 malipo yalikuwa senti 4 na nusu kwa kila pauni ya pamba isiyolimwa. Katika hizo, senti 4 zilikuwa za mwenye shamba na nusu senti ya mlimaji wa nusu kwa nusu. Hata nusu senti hiyo ilipitia mikononi mwa mwenye shamba, naye alikuwa na daftari.

Kulikuwa na kifungu katika mkataba, cha 7, kilichomtaka mwenye shamba abakize idadi ile ile ya walimaji kadiri iwezekanavyo. Tazama maneno hayo mawili ya mwisho yalivyofanya kazi. Ekari zikipungua, mikono inayohitajika inapungua. Mwenye shamba aliyepokea hundi alikuwa na fedha taslimu mkononi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, naye akanunua trekta. Trekta likaingia, familia zikatoka. Msaada uliotolewa kwa jina la wakulima ukawa ndio fedha ya kuwafukuzia wakulima. Sijui mfano mwingine ulio wazi kiasi hiki wa jinsi sera inavyoweza kutimiza kila neno la lengo lake (bei ya pamba ilipanda kweli) na papo hapo ikawaangamiza wale waliotajwa katika dibaji yake.

Walioona hivyo mapema ni walimaji wenyewe. Mwezi Julai 1934, karibu na mji wa Tyronza katika kaunti ya Poinsett, watu 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana wakaunda Chama cha Wakulima Wapangaji wa Kusini. Kuunda chama kimoja cha rangi zote mbili mahali pale na wakati ule lilikuwa jambo la kuhatarisha maisha, na wanachama wengi walipigwa na kutolewa majumbani. Madai yao hayakuwa ya ajabu. Walitaka hundi ya mlimaji iandikwe jina la mlimaji, na asifukuzwe aliyekuwapo. Malalamiko yao yalipelekwa kwa kamati ya kaunti, na katika kamati waliketi wenye mashamba. Ni sawa na fisi kupewa kesi ya mbuzi. Ndani ya wizara yenyewe kulikuwa na wanasheria vijana, wakiongozwa na Jerome Frank, waliotoa tafsiri kwamba kifungu cha 7 kinamlinda mpangaji aliyepo, mtu na jina lake, si idadi tu. Februari 1935 walifukuzwa kazi, naye Waziri Henry Wallace akaridhia. Tafsiri iliyobaki ni ile ya idadi: mfukuze huyu, mlete yule, hesabu imetimia.

Haki inatudai tutaje pia kwamba serikali hiyo hiyo ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1934, katika kaunti jirani ya Mississippi, hapo hapo Arkansas, ilianzishwa kwa fedha za msaada makazi ya Dyess, ambako familia zipatazo 500 zilizokuwa hazina kitu zilipewa nyumba na mashamba ya ekari 20 hadi 40, wakawa na ghala na duka la ushirika. Wasomaji waliopitia vijiji vya ujamaa watatamani kujua zaidi, nao watakuwa na haki. Pale Dyess kipimo kilikuwa familia na haja yake. Lakini mlango wake ulifunguliwa kwa weupe peke yao, na katika kaunti zilizojaa walimaji weusi jambo hilo si dosari ndogo ya utekelezaji. Nao mfano wenyewe haukuenezwa. Wenye mashamba makubwa hawakuwa tayari kuona kila mlimaji akipata pa kukimbilia.

Kamati za kaunti ziliendelea. Zinachaguliwa na wakulima wenyewe, jambo ambalo kwa sura ni demokrasia safi, na baadhi ya wenzetu hulisifu. Hatuna ugomvi na uchaguzi. Swali ni nani alibaki kuchagua baada ya wengine kufukuzwa. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi wapatao 925,000. Mwaka 1992 walikuwa wamebaki kama 18,000. Hatusemi kwamba kamati peke yake ilifanya hivyo. Mashine, miji na vitisho vilichangia. Lakini mkopo wa mbegu uliochelewa mpaka msimu ukapita, na ombi la msaada wa maafa lililolala mezani, ni njia nyepesi za kumtoa mtu katika ardhi bila kumgusa. Mwaka 1983, chini ya Rais Ronald Reagan, kitengo cha wizara kilichokuwa kikichunguza malalamiko ya ubaguzi kilivunjwa, na kwa miaka mingi malalamiko yalipokewa bila kuchunguzwa. Wakulima weusi walikwenda mahakamani, na tarehe 14 Aprili 1999 Jaji Paul Friedman aliidhinisha suluhu katika kesi inayojulikana kwa jina la Pigford. Aliianza hukumu yake kwa kukumbusha ahadi ya kale kwa watumwa walioachwa huru, ekari 40 na nyumbu mmoja, ahadi ambayo haikutimizwa. Walalamikaji zaidi ya 15,000 walishinda, wengi wao wakalipwa dola 50,000 kila mmoja. Mwaka 2010 ikatengwa dola bilioni 1.25 kwa waliochelewa kuwasilisha madai. Kiasi hicho cha dola 50,000 hakirudishi shamba lililokwisha kuuzwa kwenye mnada.

Tuje zama zetu, kwa kuwa wengine watasema hayo yamepita. Utaratibu wa leo ni wa kisasa zaidi, na ubaguzi wa wazi umepigwa marufuku. Kipimo kimebaki. Chukua mpango wa ukame wa malisho, uliofanywa wa kudumu na sheria ya kilimo ya mwaka 2014. Ramani ya ukame hutolewa kila wiki. Kaunti ikifikia daraja fulani la ukame kwa muda uliowekwa, mfugaji aliyemo hulipwa kwa idadi ya mifugo yake na eneo lake la malisho, wala hatakiwi kuonyesha mnyama hata mmoja aliyekufa. Urahisi huo una sifa yake, kwa kuwa hupunguza urasimu, na sisi wenye urasimu mwingi tusiucheke. Lakini maana yake ni kwamba aliyeumia na asiyeumia hulipwa pamoja iwapo wamo ndani ya mpaka mmoja. Mpango mwingine wa miaka ya 2002 na 2003 ulifikisha jambo hilo mahali pa kuchekesha. Ilitosha kaunti iwe imetangazwa kuwa ya maafa, ya aina yoyote. Tarehe 1 Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilivunjika juu ya Texas na vipande vyake vikaanguka mashambani. Kaunti zikatangazwa za maafa, na wafugaji ambao ng'ombe wao walikuwa wakila majani mabichi wakapokea fedha za ukame. Gazeti la Washington Post lililifichua jambo hilo mwaka 2006. Mpango huo ulikuwa umegharimu dola bilioni 1.2.

Desemba 2024 Kongresi ilitenga kiasi cha dola bilioni 31 kwa wakulima, sehemu kubwa kwa maafa ya mwaka 2023 na 2024, na dola bilioni 10 kwa hasara za bei na gharama. Kiwango kilichotangazwa katika hizo bilioni 10 kilikuwa dola 84.74 kwa ekari ya pamba. Hesabu ni ya darasa la nne. Mwenye ekari 10 atapata dola 847.40, mwenye ekari 1,000 atapata dola 84,740. Anayeendesha trekta katika ekari hizo 1,000 hapati kitu. Upo ukomo, kwa wengi dola 125,000 kwa mtu, lakini ukomo unaoanzia juu hivyo haumgusi mdogo wala haumpunguzii mkubwa sana.

Huyo wa trekta, pamoja na mchuma matunda na mkata nyama viwandani, alipata kukumbukwa safari moja. Katika maradhi ya korona serikali ilianza kulipa wakulima kuanzia Mei 2020, mpango wa kwanza ukiwa wa dola bilioni 16 na ukomo wa dola 250,000 kwa mtu. Kwa vibarua ilikuja baadaye ruzuku ya dola 600 kwa kila mmoja, mara moja tu, kupitia mashirika yaliyokwenda kuwatafuta. Wawekeni mbele yenu wanafunzi tarakimu hizo mbili, 250,000 na 600, kisha waulizwe ni nani aliyekuwa akipumua pumzi ya mwenzake kiwandani.

Baadhi yetu watasema: basi, hayo ni ya mabepari, sisi ardhi yetu ni ya umma. Ni kweli, na si jambo dogo. Tena tunao mfano wetu wa kipimo tofauti. Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, kwa wananchi walioharibiwa mazao au kujeruhiwa na wanyama wakali, ziliweka ukomo wa ekari 5. Mwenye ekari 5 na mwenye 50 walisimama mstari mmoja tembo alipopita. Hapo wazo ni sahihi, hata kama wabunge wamelalamika mara nyingi bungeni, na kwa haki, kwamba fedha yenyewe ni ndogo na huchelewa. Jina lenyewe ni la kweli kuliko neno fidia, kwa sababu halidai kurudisha kilichopotea.

Lakini ekari 5 ni nusu ya kipimo tu. Katika vijiji vyetu vingi shamba hukodishwa kwa msimu. Mwenye nalo yuko mjini, anayelima ni kijana au mama aliyelipa kodi kwa fedha ya kukopa. Asubuhi baada ya tembo au mafuriko, mtendaji na bwana shamba wanafika na fomu. Kada wa tawi anayesimama pale na asome safu ya kwanza ya fomu ile kabla haijajazwa, atazame limeandikwa jina la nani, na kama ni la aliye mjini, apaze sauti papo hapo, kabla wino haujakauka.